Jicho Nisiloliomba

Jina lake silitaji, na si kwa heshima. Alikuwa nalo juu ya mlango kwa rangi nyekundu, herufi kubwa kuliko za posta, na kila mtu wa Thika aliyejua kusoma alilisoma. Limemtosha. Hapa ataitwa Mpiga Picha, maana hiyo ndiyo kazi aliyoifanya, na mimi nasema aliifanya vibaya.

Ninaandika juu yake kwa sababu watu hawachoki kuniuliza. Wewe mtu wa Thika, wanasema, mwigizaji unayejulikana kutoka mashamba ya mkonge mpaka Kalimoni, watu wa filamu walipotaka picha mpya za uso wako, mbona uliupita mlango wa studio yenye taa za umeme ukaenda Ruiru, ukakalia kreti la nyanya mbele ya yule Mkamba wa sokoni mwenye kamera ya sanduku? Wanadhani ni ubahili. Mimi si bahili. Ninalala katika nyumba ya mawe niliyoyachonga kwa mikono hii, na shule niliyosoma ilinifikisha kuandika jina langu na kusoma bango, basi. Nilikwenda Ruiru kwa sababu ya mtu huyu. Acheni nimweleze alivyokuwa.

Alivaa tai hata siku za jua la kukausha visima. Nywele alizigawa kwa mstari kama barabara ya reli na kuzipaka mafuta yenye harufu ya kanisani. Aliongea polepole, kama mtu anayepima kwanza kama unastahili neno linalofuata. Studio yake ilikuwa nyuma ya duka la fundi cherehani Mhindi, na ili umfikie ilibidi upite katikati ya suruali zilizoning'inia, zikikupiga usoni. Ndani kulikuwa na pazia alilolichora mwenyewe: ngazi za mawe, nguzo mbili, ziwa, na bata mweupe mwenye shingo ndefu. Zile ngazi hazikwenda popote. Kulikuwa na koti la kuazima wateja, kubwa la kumtosha mtu yeyote, alilokubana nalo mgongoni kwa vibanio vya kuanikia nguo, na saa ya mkononi iliyokufa zamani. Mtu wa mkonge aliingia na kaptura yenye utomvu, akatoka kwenye picha akiwa karani.

Hakusalimia watu. Siku moja nilikuwa nimekaa kwenye benchi lake nikingoja zamu yangu, akaingia mzee mmoja wa Ngoliba, fimbo mkononi.

"Habari ya asubuhi, mwanangu," mzee akasema.

"Kaa."

"Nimetoka Ngoliba kwa miguu."

"Naona. Jipanguse vumbi, usinichafulie kiti."

Mzee akajipangusa. Mzee wa rika la baba yake, anajipangusa kama mtoto aliyecheza majivuni. Nikatazama pembeni. Baadaye, yule mzee alipoiona picha yake ameshika saa iliyokufa, miguu imepangwa vizuri na viatu vinang'aa, alimshukuru kwa mikono miwili. Hapo ndipo nilipoanza kumwelewa Mpiga Picha. Alikuwa amegundua kwamba watu humsamehe sana mtu anayewaonyesha wakiwa wazuri.

Nieleze hapa jambo la miguu, maana vijana hawalijui. Siku zile picha ya mtu ilikuwa ya mwili mzima, viatu ndani. Ukimkata mtu miguu, mama yake atauliza imekwenda wapi. Picha ya kichwa peke yake ilikuwa ya serikali. Ukiona kichwa cha jirani yako kimepigwa peke yake, ulijua ama ana kipande, ile karatasi ya utambulisho, ama anatafutwa.

Alikuwa na msemo wake. "Uso ukiingia hapa ni unga. Mimi ndiye ninayesonga ugali." Na kusonga alisonga. Kioo kilichonasa picha, kabla ya kuchapwa kwenye karatasi, kikikauka, aliketi dirishani na penseli aliyoichonga kwa wembe mpaka ncha ikawa kama mwiba, akaanza kugusa, kugusa, kugusa. Kovu likaondoka. Mikunjo ya shingo ikaondoka. Mtu aliyevunjwa pua na ng'ombe akarudishiwa pua. Hakuuliza kama unataka. Kwake, kumwuliza mteja ilikuwa kama kumwuliza kuku anataka kupikwa na nini.

Watu wa Thika wana hadithi moja wanayoisimulia kila akitajwa, na huishia katikati. Mama mmoja wa Mwiki alikuja na bintiye, msichana mkubwa wa kuolewa, aliyeharibiwa uso na ndui akiwa mdogo. Mpiga Picha akashinda na ile picha, na mama alipokuja kuichukua na kuona msichana ana uso laini kama yai, akalia hapo hapo. "Ndivyo alivyokuwa," akasema. "Ndivyo alivyokuwa kabla." Mpiga Picha hakumtoza kitu. Hapo ndipo wanapoishia, wakitikisa vichwa, ati alikuwa na moyo. Mimi nilikuwepo kwenye benchi. Baada ya mama, picha ilichukuliwa na yule msichana mwenyewe. Akaitazama kwa muda mrefu. Kisha akasema, kwa sauti ya chini, si ya kulia: "Huyu ataolewa. Mimi nitabaki nyumbani." Mama hakusikia, alikuwa anamshika Mpiga Picha mkono kwa shukrani. Mpiga Picha alisikia. Akaita, "Anayefuata."

Sasa msikie kinyume chake. Wakati wa hali ya hatari, Wazungu walipokuwa wakipigana na watu wa msituni, serikali ilitaka kila Mgikuyu awe na pasi yenye picha, na Mpiga Picha ndiye aliyepewa kazi ya upande wetu. Alisimamisha kamera kwenye uwanja mbele ya ofisi ya D.O., ofisa wa wilaya, watu wakapangwa kwenye jua, kila mmoja na kibao cha namba kifuani. Huko hakutumia penseli hata mara moja. "Toa kofia. Funga mdomo. Wewe mama, ondoa kitambaa, masikio yaonekane. Inua kidevu, huendi kuchinjwa." Mama zetu waliotoka nyumbani wamejisitiri vizuri, kwenye pasi wakaonekana kama wezi wa mbuzi. Kila kovu lipo. Kila jino lililokosekana, limekosekana.

Nilimwuliza siku moja, maana mimi mdomo wangu hauna kufuli. "Bwana, mbona serikali unaipa uso wa mtu jinsi ulivyo, na sisi unatupa uso mwingine?"

"Serikali inataka kumjua mtu," akasema.

"Na sisi tunataka nini?"

"Nyinyi mnataka kupumzika."

Neno hilo lilikuwa na kitu ndani yake. Nilimchukia zaidi kwa sababu hiyo.

Nije kwenye uso wangu. Nikiwa kijana nilikata mkonge. Jani la mkonge lina mwiba kwenye ncha, na siku moja jani liliruka likanichoma juu ya jicho la kushoto. Jicho likapona, kope ikabaki imelala nusu. Ukinitazama utadhani upande mmoja wangu umesinzia. Mke wangu alinikubali hivyo hivyo, naye hutania kwamba aliolewa na mtu mmoja na nusu. Hiyo kope ndiyo iliyonipa jina. Jumapili mchana tulicheza michezo ya kuigiza kwenye ukumbi wa Thika, baada ya ofisi ya D.O. kuhakikisha hadithi yetu haina sumu. Nilicheza mnyapara anayesinzia huku akiwafokea watu. Nilikuwa nikipanda jukwaani, nikisimama tu, sijatoa neno, na watu wa kiwandani wanashika mbavu. Waigizaji wengine walijifunza mistari. Mimi nilibeba yangu usoni.

Ndipo akaja dereva wa gari la sinema, lile lililozunguka mashambani kuonyesha filamu ukutani. Aliniona nikicheza, akanifuata nyuma ya ukumbi.

"Mzee, Wazungu wangu wa Nairobi wanatengeneza filamu ya kuchekesha. Wanatafuta mtu wa kuanguka na baiskeli. Hilo jicho lako watalipenda sana."

"Nije lini?"

Akacheka. "Uje na karatasi gani?"

Kweli. Siku hizo Mgikuyu hakuingia Nairobi kwa kutamani. Lakini kampuni ikishakuchagua, dereva akasema, itakuandikia karatasi ya njia yenye muhuri. Kwa hiyo ilibidi kwanza nipeleke picha. Ya uso, ya karibu, wauone vizuri. Uso wangu ulitakiwa kusafiri bila mimi, ukaniombee kazi. Na kazi hiyo ingenitoa kwenye mkonge moja kwa moja. Hakuna mtu wa kwetu aliyekuwa amewahi kuitwa hivyo.

Mwenzangu wa jukwaani, Wafula, mtu wa magharibi aliyefanya kazi kiwanda cha nanasi, alinishauri mara moja. "Nenda Ruiru kwa yule Mkamba. Yule anapiga kilichopo."

"Nimpelekee Mzungu picha iliyopigwa sokoni, mbuzi wakipita nyuma?"

"Mbuzi ana kosa gani? Yeye haombi kazi."

Sikumsikiliza. Studio ya Thika ilikuwa na taa, na karatasi yake ilikuwa nzito, na nyuma ilikuwa na muhuri. Mtu anayepeleka kitu Nairobi hupeleka kilicho bora. Basi nikaenda kwa Mpiga Picha.

"Kichwa peke yake," nikamwambia.

"Umefanya nini?"

"Sijafanya kitu. Ni ya watu wa sinema."

Akanitazama kutoka kope hadi kope. "Kaa. Funga mdomo."

"Wanataka nicheke. Ndiyo kazi yenyewe."

"Mtu mzima hachekei kamera. Ukicheka, mdomo unaula uso wote. Nani atakutazama?"

"Wao."

"Funga mdomo."

Nikafunga, nikijua mwenye kamera ni yeye. Nilipokuja kuchukua picha, gari la sinema lilikuwa limesimama nje ya duka la Mhindi, dereva anapiga honi, anarudi Nairobi mchana huo. Mpiga Picha akanipa bahasha. Nikafungua. Ndani alikuwepo bwana mmoja mzuri sana, shingo imesimama, macho mawili yamefunguka kama taa za lori.

"Huyu ni nani?" nikauliza.

"Ni wewe. Nimekupa jicho."

"Sikukuomba jicho."

"Hakuna anayeomba. Wote huja wakiwa wanalitaka."

"Piga nyingine. Kama nilivyo."

"Siwezi kutoa kitu kibovu kikiwa na muhuri wangu," akasema, na honi ikalia tena nje. Dereva akaondoka na ile. Ya jicho langu la kweli haikuwepo. Jioni nilimwonyesha mke wangu kopi iliyobaki. Akaigeuza kwenye mwanga. "Baba Wanjiku, huyu ni ndugu yako wa wapi, na mbona hajawahi kuja kutusalimia?"

Kampuni ilijibu. Walinitaka. Walitaka kuniona katika sehemu ya baiskeli, na bahasha ilikuwa na karatasi ya njia, imeandikwa jina langu, na juu yake wamebandika ile picha na kuipiga muhuri nusu kwenye shavu. Nikamuaga mke wangu. Nikavaa koti langu mwenyewe, si la kuazima. Nikapanda lori la mawe lililokuwa likienda Nairobi.

Kwenye daraja la Ruiru kulikuwa na kizuizi. Askari alichukua pasi yangu, ile aliyoipiga Mpiga Picha uwanjani, kope imelala, na akachukua karatasi ya Nairobi. Akaziweka kando kwa kando. Akamwita mkubwa wake, kijana wa Kizungu mwenye pua iliyobabuka na jua.

"Jina moja," askari akasema. "Watu wawili."

"Ni mtu mmoja, afande. Ni mimi."

"Fungua hilo jicho."

"Limefunguka."

"Lifungue kama hapa."

"Hapo lilifunguliwa kwa penseli."

Askari akamtafsiria mkubwa. Mkubwa hakucheka. Tangu mwiba ule unichome, hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kope yangu isimchekeshe mtu. Wakasema mmoja wetu amekufa au yuko msituni, na mwingine anatumia karatasi zake. Nikawaambia picha zote mbili zimepigwa na mtu yule yule, Thika, nyuma ya fundi cherehani, waende wamuulize. Askari akaniambia nisiwafundishe kazi. Nikawekwa nyuma ya waya pamoja na watu wengine waliokuwa na makosa ya kweli na ya uongo, na huko nikakaa mpaka karani wa shamba la mkonge alipopatikana kuja kuniangalia usoni na kusema naam, ni huyu, anasinzia hivyo daima. Kufikia hapo filamu ilikuwa imekwisha kupigwa. Karatasi ya njia ilichanwa mbele yangu. Nikarudi kwenye mkonge.

Ile filamu niliiona baadaye, ukutani, na watu wa shambani wameketi chini kwenye nyasi. Mtu waliyemweka badala yangu alianguka na baiskeli vizuri tu. Hakuna aliyecheka. Mama mmoja nyuma yangu akasema, "Maskini, ameumia."

Mnaweza kusema Mpiga Picha hakujua yatakayotokea. Sawa. Nilikwenda kumweleza. Nilitaka neno moja tu, neno hata la uongo. Alikuwa anakata kingo za picha ya arusi kwa mkasi, na hakuinua kichwa.

"Walikuchagua au hawakukuchagua?"

"Walichagua yule uliyemtengeneza."

"Basi picha ilifanya kazi yake. Askari ndio hawajui kutazama."

"Nililala nyuma ya waya, bwana."

"Na mimi niliwapiga picha wote waliolala nyuma ya waya," akasema. "Nikianza kumhurumia kila mmoja, nitakula nini?"

Akaendelea kukata. Hata leo sijaamua kama lile lilikuwa jibu.

Mimi sina elimu ya kumshitaki mtu. Nina jukwaa. Jumapili iliyofuata nilimvua mnyapara nikamvaa yeye. Nikatafuta tai. Nikagawa nywele kwa mstari. Nikamkalisha Wafula kwenye kiti, nikamwambia, kwa ile sauti ya kupima maneno, "Funga mdomo. Wewe ni nani uje na uso wako hapa?" Kisha nikachukua kaa la moto uliozimika nikamchora macho, pua, ndevu, na nikamtuma kwao. Mke wake, mwigizaji mwingine, anafunga mlango: "Sikujui." Nikamchora tena. "Huyu simjui zaidi." Ukumbi ulikuwa karibu kuanguka. Tangu siku hiyo watu hawakutaka mnyapara tena. Tulimcheza Mpiga Picha msimu wa mvua na wa jua, tukampeleka Kalimoni, tukampeleka Ruiru, na kila mahali palikuwa na watu waliowahi kubanwa mgongoni na vibanio vyake.

Hali ya hatari ikalegea. Pasi zikaanza kusahaulika. Nikaacha mkonge, nikaanza kuchonga mawe, na kampuni nyingine ya filamu ikaniandikia: tumesikia habari zako, leta picha mpya za uso. Hapo ndipo nilipokwenda Ruiru. Yule Mkamba aliniambia, "Fanya unachofanya," nikafanya, akabonyeza. Picha ilitoka na kidole cha mpita njia pembeni, na mimi nikiwa nimecheka, kope imelala, kila kitu mahali pake. Nilipata kazi ya mlevi. Kazi ndogo, lakini aliyeitwa ni mimi, na aliyefika ni mimi.

Mara ya mwisho kuongea na Mpiga Picha ilikuwa baada ya hapo, nyuma ya ukumbi wa Thika. Nilikuwa nanawa kaa mikononi. Akaja peke yake. Kwa mara ya kwanza nilimsikia akisalimia.

"Habari ya jioni, Baba Wanjiku."

"Nzuri. Umepotea njia?"

"Nimesikia ulipiga picha Ruiru. Ungekuja kwangu. Ningekupiga bure. Kama ulivyo."

"Sasa?"

"Hata kesho. Niiweke dirishani, watu waone." Akarekebisha tai. "Lakini huo mchezo uache. Watu wanakuja studio, wanakaa kwenye kiti, nikiwaambia wafunge mdomo wanacheka. Arusi nzima juzi ilicheka. Siwezi kumpiga mtu anayecheka. Wengine wameanza kwenda Ruiru."

Nikamwambia mchezo siuachi. Niliona uso wake ukianguka, na sikuhisi kitu, au nilihisi kidogo nikakimeza.

"Basi angalau unicheze vizuri," akasema. "Mimi sijapinda mabega hivyo. Wewe unanipindisha kama kizee. Mabega yangu yamenyooka."

Nikamtazama. Yalikuwa yamepinda. Miaka ya kuinamia dirisha ilikuwa imeyakunja kama mpini wa mwavuli, na yeye, mwenye macho ya kuona kovu la mtu aliye mlangoni, hakuwa analijua hilo.

"Ninacheza ninachokiona," nikamwambia.

Jumapili iliyofuata alikuja. Alikaa mstari wa mbele, tai shingoni, amejikaza na kuyanyoosha mabega mpaka mishipa ikamsimama. Mimi nikapanda jukwaani nikiwa nimeyapinda. Watu wakamtazama yeye, wakanitazama mimi, kisha wakamtazama yeye tena, na hakuna mtu aliyehitaji kuuliza yupi ndiye wa kweli.